Kabla hujabonyeza Enter

Wadogo zangu mnaoanza programu, nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo. Kila kundi jipya likiingia kazini naona yale yale: amri inanakiliwa kutoka mtandaoni, inabandikwa kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), Enter inabonyezwa, halafu ndipo mtu anageuka na kuuliza, "Samahani kaka, hii inafanya nini?" Swali ni zuri. Liulize mapema.

1. Jua uko wapi. pwd ikuonyeshe folda uliyomo, kisha ls ikuorodheshee vilivyomo, ndipo ufute au uhamishe kitu. Mara nyingi ninapoitiwa "faili limepotea," faili liko salama salimini. Mwenyewe ndiye yuko kwenye folda nyingine.

2. Tab ikumalizie majina, Ctrl-R ikutafutie amri za nyuma. Ukiandika njia ndefu ya faili herufi kwa herufi mbele yangu, naumia.

3. Hapa tukae, maana ndipo watu wanapolia. Sheli, yaani programu inayopokea amri zako kwenye teminali, huusoma mstari wako kabla programu unayoiita haijaanza. Kijana mmoja mchapakazi alikuwa ameshinda akiandika orodha ya majina kwa mkono. Akataka kuyapanga kialfabeti, akaandika:

sort majina.txt > majina.txt

Enter. Kimya, hakuna onyo lolote. Akalitazama faili kwa cat: tupu. Akarudia amri ile ile, kama kwamba mara ya pili sort ingemhurumia. ls -l ikaonyesha baiti 0. Akaniita, sauti imemkauka.

Kilichotokea ni hiki. Ile alama ya > si ya sort, ni ya sheli. Sheli inaiona, inalifungua majina.txt ili liandikwe, inafuta vyote vilivyomo, kisha ndiyo inaiita sort. Sort inafika na kukuta hakuna kitu, inapanga kisichokuwepo, inaondoka bila kulalamika. Hakuna pipa la taka la kuchakura humo.

Bahati yake, kwenye dirisha la pili Vim, kihariri chake cha maandishi, ilikuwa bado imelifungua faili lile, na kidole kilikuwa tayari kinaelekea kuifunga. Nilipiga kelele ofisi nzima ikageuka. Vim ilikuwa na majina yote kwenye kumbukumbu. Tukaandika :w ya kuhifadhi, ikaonya kwamba faili limebadilika tangu ilipolisoma, tukakubali liandikwe hivyo hivyo, na majina yakarudi. Angekuwa ameshaifunga, angeanza upya.

Kwa hiyo, andika sort -o majina.txt majina.txt, kwa kuwa sort husoma kila kitu kwanza ndipo iandike. Au peleka matokeo kwenye faili jipya, likague kwa less, kisha ulipe jina la lile la zamani kwa mv. Ukitumia sheli ya Bash, weka set -o noclobber, na > itakataa kufuta faili lililopo.

Nyota (*), inayosimama badala ya jina lolote, nayo ni kazi ya sheli. rm, amri ya kufuta, haiioni nyota kabisa. Inapewa majina yaliyokwisha kutanuliwa. Ukiandika rm *.txt umefuta mafaili ya .txt. Nafasi moja ikichomoka baada ya nyota, umefuta kila faili la folda hiyo isipokuwa yaliyofichwa. Tanguliza echo, ambayo huchapisha tu majina bila kufuta, usome orodha, ndipo uiondoe echo. Sekunde chache tu, jamani!

4. Kihariri. Chagua chochote ukipendacho, ila jifunze vi kiasi cha kutoka hai. Bill Joy aliiandika mwaka 1976 na hadi leo utaikuta, au utaikuta Vim iliyotokana nayo, karibu kila seva utakayoingia. Esc, halafu :wq kuhifadhi na kutoka, :q! kutoka bila kuhifadhi. Vim ikiwepo, andika vimtutor; haifiki saa nzima. Teminali ikiganda ghafla, huenda umebonyeza Ctrl-S, Ctrl-Q huifungua.

Na hili la Ctrl-Z naliona kila wiki. Mtu amekwama ndani ya Vim, anabonyeza Ctrl-Z, anaona teminali imerudi, anafurahi kuwa ametoka. Hajatoka! Vim imesimamishwa tu na inamngoja nyuma. Akilifungua faili tena anakutana na onyo la faili la .swp, ambamo Vim hutunza kazi isiyohifadhiwa bado, naye, kwa hofu, analifuta. Usilifute. Andika jobs uone kilicholala, kisha fg ukirudishe mbele. Kazi yako itakuwa pale pale ulipoiacha. Ihifadhi, utoke kwa :wq.