Watoto wawili wa mbwa na laki mbili mkononi: anza na nini dukani

Mkuu, hongera sana kwa hao wawili. Umesema ni dume na jike wa tumbo moja, wana wiki 8, una laki mbili, na Jumamosi unataka kuwabeba uende nao kwenye maduka ya mifugo ukawachagulie kola, vyombo, kitanda na chakula. Nimelea wawili wa namna hiyo hapa Morogoro, leo ni mbwa wazima wanaolinda nyumba, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, nenda peke yako. Kwenye maduka hayo ndiko wanakopelekwa mbwa wagonjwa wa kila mtaa, na virusi vya pavo hutoka na kinyesi vikabaki sakafuni na kwenye udongo kwa miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui. Kinachoviua ni jiki, kiasi cha sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, tena kwenye sakafu iliyokwisha kusafishwa. Mtoto asiyemaliza chanjo akilamba tu hapo, ndani ya siku chache anatapika, anaharisha damu, na wengi hawaponi. Ukiwa na wawili wanaolala pamoja, akiugua mmoja na mwenzake yumo hatarini.

Kola haihitaji mbwa awepo dukani. Chukua uzi, uzungushe shingoni, acha nafasi ya vidole viwili, kata. Uzi wa jike ufunge fundo usije ukachanganya. Nunua kola za bei rahisi zenye matundu mengi, maana shingo ya umri huo inanenepa haraka na baada ya muda mfupi utanunua nyingine. Wapime na uzito, kila mmoja kwa zamu yake: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama bila yeye, toa. Andika kwenye karatasi. Bila hiyo karatasi muuza dawa atakukadiria tu.

Sasa hela. Ningekuwa wewe, zaidi ya nusu ya hiyo laki mbili ingekwenda kwenye chanjo na dawa ya minyoo kabla sijagusa kitu kingine. Chanjo ya mseto, ile inayokinga pavo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua watoto wa mbwa), huanza wiki ya 6 hadi ya 8, halafu inarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wafikishe wiki 16. Watu wengi huchoma moja wakaona wamemaliza. Hapana, maziwa ya mama huwaachia watoto kinga inayozuia chanjo ya mapema isishike vizuri, na ndiyo maana ya kurudia. Ya kichaa cha mbwa wapewe wakitimiza miezi 3. Baadhi ya halmashauri huitoa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usiwaache wakisubiri Septemba kama iko mbali.

Ukikuta chanjo dukani, angalia imetolewa wapi. Inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikitolewa kabatini, au kwenye friji iliyozimwa kwa sababu umeme umekatika tangu asubuhi, iache hata kama bei ni nusu. Binafsi napendelea wachanjwe na daktari wa mifugo anayejaza kadi na kubandika lebo ya chupa. Sisi wa Morogoro tuna bahati ya hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ulipo wewe, ulizia ofisi ya mifugo ya kata.

Dawa ya minyoo: wape kila baada ya wiki 2 hadi wafike miezi 3. Kuna muuzaji atakuvutia sindano ya ivermektini ya ng'ombe kwa sababu "inaua vyote". Kataa. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita moja, na kipimo cha mbwa huhesabiwa kwa mikrogramu. Kosa dogo tu la bomba la sindano linampeleka mtoto wa kilo 3 kwenye kutetemeka na kupoteza fahamu. Vivyo hivyo dawa ya josho la ng'ombe kwa ajili ya kupe. Omba ya mbwa iliyoandikwa umri na uzito, na kwa sasa kupe watoe kwa kibanio kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole.

Chakula usinunue kingi cha mfuko. Dona, dagaa na mapafu au utumbo wa buchani vinawakuza vizuri, mara 3 au 4 kwa siku, ila vichemshwe viive kabisa. Mapafu na maini mabichi ndiyo yanayowapa mbwa tegu wa aina ambayo mayai yake yakimwingia binadamu huota malengelenge makubwa kwenye ini. Na dona hilo liwe lile unalokula wewe. Pumba za mashineni zilizovunda zina sumukuvu, na kuipika hakuiondoi. Ni sumu ileile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, na mbwa hudhurika nayo upesi kuliko wanyama wengi. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu nayo usiwape, vitunguu vinaharibu damu yao.

Vyombo vya kulia viwili, tena uviweke mbali, mmoja ukutani huku na mwingine kule. Dume langu lilikuwa linamaliza la kwake kisha linamsukuma dada yake, na bila kuwatenga nisingejua nani hajala. Hamu ya kula ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa, na chombo kimoja kinaificha. Maji yanatosha chungu kimoja kizito wasichoweza kukipindua. Kitanda usinunue. Gunia na khanga kuukuu juu ya maranda makavu vinatosha, na vikichafuka unachoma.

Kamba za kutembezea nunua mbili, na kila siku umtoe mmoja mmoja, hata kwa dakika 10. Wanaolelewa wawili hutazamana wao kwa wao na kukusahau wewe, kisha wakikua hakuna anayeitika jina.

Kikibaki kitu, kiweke cha kumhasi dume. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi 6 tu, na undugu hautawazuia.