Joto na Maji ya Fedha

SWALI: Natengeneza maji ya fedha (yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha) kwa waya mbili za fedha na betri 3 za volti 9. Asubuhi yanatoka maangavu, lakini mchana wa Oktoba yanakuwa ya kijivu na kuacha mashapo. Kwa nini? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ndugu msomaji, maji yakipata joto hupitisha umeme zaidi, takriban asilimia 2 kwa kila digrii 1. Mkondo wa umeme ukizidi, fedha hutoka haraka, chembe hushikana na kutuama. Kwa hiyo dhibiti mkondo kwanza: unga mfululizo rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) ya kiloomu 5.6, nao hautavuka miliampia 5. Kisha weka glasi ndani ya beseni la maji ya mtungini, ukoroge polepole. Ndani ya glasi tumia maji yaliyokenekwa tu, yaani ya mvuke uliopozwa. Ya bomba au kisima yana kloridi (sehemu ya chumvi), ndiyo huleta ukungu mweupe. Hifadhi gizani.

Lakini tafadhali usiyanywe, wala usimpe mtoto. Fedha hujikusanya mwilini na kugeuza ngozi kuwa ya bluu-kijivu, rangi isiyoondoka. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kuwa hayajathibitika kuwa salama wala kutibu. Yabaki ya majaribio ya sayansi.