Kutembea na ngamia katika ardhi ya Wasamburu: anza na ruhusa, halafu maji

Wanaotaka kutembea siku tano au sita kwa miguu kaskazini mwa Kenya huuliza kwanza ni kilomita ngapi kwa siku. Hilo lina jibu rahisi: kati ya 10 na 15, basi. Lililo gumu, na linaloamua kama safari itafaulu, ni kujua ardhi mtakayopita ni ya nani na maji mtakayokunywa ni ya nani. Kati ya Archer's Post, Wamba na milima ya Mathews hakuna nyika isiyo na mwenyewe. Kila laga, yaani mto wa mchanga usio na maji juu, ina ukoo unaochimba visima humo, na kila malisho yana wazee wanaoamua yafunguliwe lini. Msafiri anayefika na ramani yake iliyokamilika amekwisha kukosea mpangilio wa kazi.

Tuanze basi na ruhusa. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza nani anaisimamia. Mamlaka makuu yako kwa mkutano wa wanajamii wote, nao huchagua kamati ya watu 7 hadi 15 ya kuendesha mambo ya kila siku. Maana yake kwa msafiri ni hii: neno la mwenyekiti kwa simu halitoshi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Peleka barua miezi miwili kabla. Andika tarehe, idadi ya watu na ngamia, njia mnayofikiria, mahali pa kulala, na visima mnavyotarajia kutumia. Omba jambo hilo lijadiliwe kwenye kikao, kisha upate jibu lenye sahihi. Mkivuka mpaka na kuingia kwa jamii nyingine, mnahitaji ruhusa ya pili. Nakala mpe chifu, na wanaosimamia hifadhi ikiwa njia inapita humo: Samburu iko chini ya serikali ya Kaunti ya Samburu, wakati Buffalo Springs na Shaba ziko chini ya Isiolo.

Usidhani kibao cha hifadhi ya jamii kando ya barabara kinamaanisha jamii yote imekubali. Mwaka 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa bila kufuata sheria. Kwa hiyo uliza watu wenyewe, wanawake wakiwemo, maana wao ndio wanaojua maji yamebaki wapi na kuni ziko umbali gani.

Chifu na wazee pia ndio watakaokwambia hali ya usalama ya wiki hiyo. Wizi wa mifugo huzuka na kutulia, na njia iliyokuwa salama mwezi uliopita huenda leo ikawa haifai. Wakisema mpite upande mwingine, piteni huko bila kubishana.

Kuhusu watu wa kuongozana nanyi, tunashauri mzee mmoja wa eneo lile lile, morani wawili, yaani vijana wa rika la wapiganaji, wa kutangulia njiani, na mtu mmoja kwa kila ngamia wawili. Mzee anayetoka kata nyingine hawezi kushika nafasi hiyo hata kama anajua kila kichaka, kwa sababu kazi yake kubwa si kuonyesha njia. Kazi yake ni kufika kisimani au kwenye boma la watu na kusema ninyi ni akina nani. Akishachaguliwa, mpeni neno la mwisho kuhusu pa kulala na saa ya kuondoka. Msafara wenye viongozi wawili, mmoja wa kampuni na mmoja wa ardhi, huvunjika siku ya kwanza yenye joto kali.

Majira mazuri ni Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ni misimu ya mvua, na ngamia hapendi udongo wa mfinyanzi uliolowa: nyayo zake laini huteleza, miguu hupanuka kila mmoja upande wake, na anaweza kuumia nyonga vibaya. Mvua ikinyesha njiani, simameni. Subirini hadi ardhi ishike.

Maji na visima

Hesabu ya maji ifanywe kwa kalamu. Mtu anayetembea kwenye joto la nyuzi 35 anahitaji lita 4 hadi 5 za kunywa, na kupika na chai huongeza lita 2. Chukulia lita 7 kwa kila mtu kwa siku, na uwahesabu wenyeji sawa na wageni. Kuna misafara inayowapa wageni chupa na kudhani watu wa ngamia "wamezoea". Hawajazoea kiu, wamezoea kunyimwa. Kikundi cha watu 10 kinatumia lita 70 kwa siku. Kwa siku mbili bila kisima ni lita 140, ongeza akiba ya lita 20, jumla 160: mitungi minane ya lita 20, yaani ngamia wawili wa maji peke yake, kila mmoja akibeba minne, miwili upande huu na miwili upande ule.

Kiangazi kinapokaza, visima vya laga huwa na kina cha mita kadhaa, na wanaume husimama humo mmoja juu ya mwingine wakipitishiana ndoo huku wakiimba. Ng'ombe wa kila familia wanaujua wimbo wao, na huja wanapousikia. Hapo kuna taratibu zisizoandikwa popote, nazo ni lazima. Mzee wenu aende mbele peke yake, asalimie, aulize zamu ikoje. Mifugo ya mwenye kisima hunywa kwanza, kisha ya jirani zake, ngamia wenu mwisho. Hilo linaweza kuchukua saa tatu, kwa hiyo siku ya kisima pangeni mwendo mfupi. Birika la kunyweshea hufinyangwa kwa udongo kwenye ukingo. Mguu wa mgeni ukikanyaga mdomo wake, linabomoka na kazi ya asubuhi nzima imepotea. Simameni mbali nalo hatua kumi. Kamera ibaki ndani ya begi, kwa kuwa wateka maji mara nyingi wako uchi. Sabuni isikaribie kabisa: beba maji yako kwenye beseni, uoge mbali na laga.

Maji mtakayopewa yatakuwa na matope. Yaacheni yatulie usiku kucha, yamimineni polepole kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, halafu yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja au muweke dawa ya klorini. Klorini ikiwekwa kwenye maji machafu bado, tope huila na vijidudu hubaki. Hili ndilo kosa linaloleta kuhara siku ya tatu. Kwa anayeharisha au kutoka jasho hadi kulegea: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, anywe kidogo kidogo.

Ngamia

Chagueni madume waliohasiwa na waliokwisha kubeba mizigo. Dume aliye kwenye joto, anayetoa povu na kutokeza kama puto jekundu kando ya mdomo, hana nafasi kwenye msafara wenye wageni. Hatupendi kuvuka kilo 100 kwa ngamia mmoja, ingawa mwenye nguvu anaweza zaidi, kwa sababu uzito wa siku ya kwanza ndio utakaoonekana mgongoni siku ya nne.

Kupakia hufanywa ngamia akiwa amepiga magoti. Mtu mmoja anashika kamba ya kichwa na kuzungumza naye. Wawili wanatandika mikeka na magunia juu ya mgongo na kandokando ya nundu, wakipapasa kwa kiganja kutafuta mkunjo, jiwe au mwiba. Mkunjo mdogo kama kidole unatosha kuleta kidonda kabla ya jioni. Kisha zinawekwa fito, na mzigo unainuliwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukizidi kwa kilo tatu nne tu, tandiko husogea kila hatua na kusugua ubavu. Kwa hiyo maji yanapopungua, punguzeni mitungi kwa jozi: mtungi ukitolewa kushoto, na wa kulia utolewe, au maji yagawanywe upya. Vifuniko vikazwe na mitungi ijazwe hadi juu, maana maji yanayochezacheza humtisha ngamia mgeni na kazi. Hali kadhalika mifuko ya plastiki na makoti ya mvua yanayopeperuka. Wageni wafunge kila kitu, na wasipite nyuma ya ngamia aliyelala.

Ngamia anahitaji saa sita au zaidi za kula majani kila siku, naye hali akiwa na mzigo. Ndiyo sababu mwendo unaisha mapema. Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri, kuondoka saa kumi na mbili kasoro kidogo, kushusha mizigo saa nne na nusu au saa tano, kabla ardhi haijawaka. Baada ya hapo wanachungwa hadi jua linapotua, kisha wanalazwa na kufungwa goti. Mgeni anayetaka "kumalizia kilomita tano jioni" anaomba chakula cha ngamia.

Kambi

Mchanga wa laga ni laini na unavutia, lakini hapo si pa kulala. Mvua ikinyesha milimani, kilomita nyingi kutoka mlipo, maji hushuka usiku bila wingu hata moja juu yenu. Isitoshe tembo hutumia laga kama barabara na huchimba maji humo gizani. Pandeni ukingoni, mita tatu au nne juu, mbali na njia iliyokanyagwa na wanyama. Msikae jirani na vichuguu machweo yanapoanza: usubi anayeeneza ugonjwa wa kalaazar hujificha humo. Chandarua chenye matundu madogo kinafaa kuliko hema, kwani kinapitisha upepo. Eneo hili lina malaria pia, kwa hiyo muone daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuja.

Kuni ziwe zilizokauka na kuanguka. Mti wa reteti, mtini mkubwa ambao Wasamburu wanauheshimu na kuomba chini yake, haukatwi tawi wala haufungwi kamba ya kuanika nguo. Choo ni shimo la sentimita 20, mita 70 kutoka laga, na karatasi zichomwe.

Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa wiki kadhaa, na soli iwe nene, maana mwiba wa mgunga hupenya ndala kama siagi. Wenyeji huvaa akala za tairi kwa sababu hiyo. Kibanio cha kutolea miiba kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo juu ya ngamia. Asubuhi kung'uteni viatu, nge hupenda joto lake. Kwa kuumwa na nyoka: mtu alale chini, kiungo kifungwe gango kisitikisike, pete na saa zivuliwe, abebwe. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba ya kuzuia damu. Kabla ya siku ya kwanza ulizeni ni hospitali gani iliyo na dawa ya sumu ya nyoka wiki hiyo, na mbebe simu ya setilaiti, kwani mtandao hukatika mkishaacha barabara ya lami.

Chakula kirahisishwe. Maharagwe hula kuni na maji. Bebeni kamande au ndengu, mchele, unga, mafuta, majani ya chai, na sukari zaidi ya mnavyofikiri, kwa kuwa kila mgeni atakayefika kambini atapewa chai. Mbuzi anunuliwe kwa bei ya soko kutoka boma la karibu. Morani wana miiko yao: hawali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa, na hawali peke yao. Wakiondoka na sehemu yao kwenda kula kando, msiwaite warudi kwa kudhani wametengwa. Maziwa mbichi ya ngamia mtakayopewa, ombeni ruhusa myachemshe, kwa sababu homa ya bruselosi ipo kwenye mifugo. Mkieleza kwa heshima, hakuna atakayeudhika.

Mkifika kwenye boma, mzee asalimiwe kwanza, mkono kwa mkono. Watoto wanapoinamisha kichwa mbele yenu, wanangoja mguse utosi kwa kiganja, wasiachwe wakisubiri. Wazee wakiwabariki kabla ya kuondoka, vueni kofia, simameni pamoja, na itikieni "Nkai", yaani Mungu, kila wanapositisha sauti. Picha ni baada ya kuomba, na bei ikitajwa mwanzoni hakuna ugomvi mwishoni. Peremende za kugawia watoto ziacheni nyumbani.

Malipo yaandikwe kabla ya safari kwa mafungu matatu: ada ya jamii inayoingia kwenye akaunti yake kwa risiti, kodi ya kila ngamia kwa mwenye ngamia huyo, na mshahara wa kila mtu mkononi mwake au kwa M-Pesa siku ile ile ya mwisho. Yasipitie kwa mtu mmoja "atakayegawa". Ngamia aliyerudi na kidonda anapumzishwa wiki kadhaa, kwa hiyo kagueni migongo pamoja na wenyewe mbele ya kila mtu kabla ya kuagana, na fidia ya siku za kupumzika ilipwe hapo hapo.