Barua kwa mwanangu: Clarisse na baraza

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Hapa Wete sote wazima, alhamdulillahi. Swali lako nimelipata. Mnasoma Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury huko Tunguu, na wewe huoni kwa nini mwalimu anataka insha nzima juu ya Clarisse, msichana wa miaka 17 anayetoweka riwaya haijafika hata nusu. Vipi mtu wa kupita tu, unauliza, amgeuze Montag, zimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu?

Mimi nasema hakumgeuza. Rudi usiku ule wa kwanza walipokutana: Montag anaingia kwake, anatupia jicho tundu la hewa, na mna kitu amekificha mle. Baadaye tunajua ni vitabu, vile vile anavyolipwa kuvichoma. Uasi alikuwa nao kabla ya Clarisse. Alichokosa ni mtu wa kumfanya auangalie. Msichana hamfundishi kitu. Anamuuliza kama kweli zamani zimamoto walikuwa wakizima moto. Anamuuliza kama ana furaha, kisha anakimbilia ndani bila kungoja jibu. Montag anacheka, bila shaka anayo! Anafika chumbani, mkewe amemeza chupa nzima ya dawa za usingizi. Kurasa hizo zisome kwa pamoja.

Ila ninalolipenda zaidi ni jengine. Clarisse anasimulia alivyoambiwa na mjomba wake, kwamba zamani nyumba zilikuwa na kibaraza mbele, watu wakikaa usiku kuzungumza, au kukaa tu. Wasanifu wakaviondoa kwa madai kuwa havipendezi. Mjomba haamini: anaona kilichochukiwa ni watu kukaa vile, wakapata nafasi ya kufikiri. Haya kayaandika Mmarekani, kitabu kimetoka 1953! Wewe uliyekulia kwetu huhitaji kuelezwa. Siasa gani ya visiwa hivi haijachambuliwa barazani, kwa kahawa na bao? Basi dola inayotaka watu wasiwaze haina haja ya kumkamata kila mmoja. Iwaondolee tu pa kukaa. (Siku hizi tunajiondolea wenyewe, kuta ndefu na mageti. Nisiendelee, baba yako ndiye aliyejenga ukuta wetu.) Nyumba ya akina Clarisse ndiyo pekee mtaani inayowaka taa usiku, watu wakizungumza na kucheka. Huko ndiko alikotoka na maswali yake. Yeye ni baraza inayotembea, na Montag hajapata kukaa kwenye baraza yoyote.

Kufa kwake pia usikupite haraka. Mke wa Montag analitaja kama anayekumbuka kitu kidogo: kagongwa na gari, siku nne nyuma, jamaa zake wamehama, alisahau kusema. Mfaransa Truffaut, kwenye filamu aliyoitoa kwa riwaya hii 1966, kamwacha hai, nami naona kapunguza uzito. Montag inampasa aendelee bila ya kuwa na wa kumuuliza.

Halafu yuko yule bibi aliyewasha kiberiti mwenyewe akaungua na vitabu vyake. Huyo hukumtaja kabisa, na baada yake ndipo Montag anaposhindwa kwenda kazini. Mpime na Clarisse, maana mwalimu makini atakuuliza nani kati yao aliyemsukuma zaidi. Mimi nipo kwa bibi, kidogo.

Rasimu nitumie kabla ya Ijumaa, lakini iandike, usinipigie picha za giza kama zile. Bibi yako anakusalimu, anauliza unakula nini huko.

Mama yako