Juninho Pernambucano: frikiki tu, au zaidi?

Kwa aliyeuliza kama Juninho, Mbrazili aliyechezea klabu ya Lyon ya Ufaransa, alijua frikiki (mipira ya adhabu) tu: hapana, ingawa zilikuwa nyingi kweli. Alifunga mabao 100 pale Lyon kati ya 2001 na 2009, na 44 kati ya hayo ni ya mipira ya adhabu. Lakini huyo huyo ndiye alikuwa kiungo wa timu iliyobeba ubingwa wa Ufaransa mara 7 mfululizo, 2002 hadi 2008. Na alishabeba Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, ya 1998 akiwa na Vasco da Gama ya Brazili. Frikiki yake ugenini kwa River Plate ya Argentina, nusu fainali, mashabiki wa Vasco wanaiimba mpaka leo.

Frikiki zake zilisifika kwa mpira unaoyumba hewani, na siri yake ni kwamba hauzunguki. Aliupiga katikati kabisa kwa mfupa wa juu ya mguu, upande wa ndani, kifundo kimekazwa, kisha mguu unakatishwa mapema bila kuusindikiza mpira. Usipozunguka, hewa inausukuma mara huku mara kule, kipa anabaki kubahatisha. Oliver Kahn, kipa wa Bayern, yalimkuta Munich, Novemba 2003.

Wanaomuiga wakigusa pembeni kidogo tu, mpira unazunguka na kipa anausoma. Wakiegemea nyuma, unaishia jukwaani. Tena mita 18 kutoka golini ni karibu mno, haupati nafasi ya kuyumba.

Bao lake dhidi ya Japani, Kombe la Dunia 2006, wala si frikiki. Lilikuwa shuti la mbali.