Ataacha akikua? Muulize kwanza alianza lini

Mleta mada anasema mwanawe wa kidato cha tatu ametoroka bweni, anapigana na anamjibu baba yake ovyo. Shangazi mtu anasema ni balehe tu, ataacha. Baba mdogo anataka apelekwe JKT anyooke. Nimekuwa mwalimu wa malezi shule za bweni miaka mingi, na wengi wa niliowalea sasa ni watu wazima, tunakutana stendi, misibani, harusini. Najibu kwa niliyoyaona kwao.

Shangazi hajakosea sana. Ukorofi wa kelele, kuruka ukuta, bangi nyuma ya vyoo, kumtunishia mwalimu misuli, kwa wengi hupamba moto kidato cha pili hadi cha nne, kisha hupoa. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 mpaka utu uzima. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na kundi hilo, aliandika mwaka 1993 kwamba wakorofi ni wa aina mbili: walioanza wakiwa wadogo kabisa, na walioanza balehe ilipoingia. Hao wa pili ndio wengi, na ndio wenye nafasi kubwa ya kuacha.

Kwa hiyo, dada yangu, mimi sina haja sana na alichofanya mwezi huu. Darasa la pili alikuwaje? Kama alikuwa anacheza na wenzake na masomo yanakwenda, na haya yameanza sauti ilipoanza kuwa nzito, pumua kidogo. Kama tangu chekechea anaumiza wenzake na hatulii hata dakika mbili, usingoje umri. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu sasa, na nyie wazazi mkae naye humo.

Ila neno "ataacha" nalo lina mtego. Wale wa Dunedin walioanzia ujanani, walipofika miaka 26 bado baadhi yao walikuwa na shida za ulevi, za afya ya akili na za kufanya mambo kwa pupa. Kwetu naona hivyohivyo: fujo inaondoka, kitu kingine kinakalia kiti chake.

Kuna kijana alikuwa kinara wa migomo, maharage yakiwa na wadudu yeye ndiye wa kwanza kugeuza sahani. Leo ni fundi simu. Nilipopita kibandani kwake alisimama, "shikamoo mwalimu", kiti akanifutia. Mama yake hutamba mtaani kwamba Mungu amemtuliza. Lakini chini ya meza kulikuwa na boksi la simu za wateja, kila moja imefungwa rababendi na kikaratasi cha jina na tarehe ya kuchukua, na tarehe nyingi zilikuwa zimeshapita. Wateja wanakuja kugomba, yeye anatazama chini. Akaniambia anaamka saa nane usiku halali tena, asubuhi mikono haitaki kushika kazi, jioni anakunywa ili apate usingizi. Hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na haimsumbui jirani yeyote, ndiyo maana hakuna anayeiona. Angekuwa bado anapigana, kikao cha ukoo kingeshakaa.

Wasichana ndio tunaowapoteza kimyakimya zaidi. Fungua daftari la makosa la shule yoyote, majina mengi ni ya wavulana. Yule binti anayeumwa kichwa kila wiki ya mitihani, haendi bwalo, amepewa panadol mpaka muuguzi amemchoka, hayumo. Wasiwasi na huzuni ya namna hiyo haina kawaida ya kupoa kama fujo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotoka 2005 ulionyesha nusu ya magonjwa ya akili huwa yameshaanza mtu akifika miaka 14, na robo tatu akifika 24.

Na angalia umri huo wa katikati, kati ya 14 na 24. Kidato cha nne kimekwisha, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kengele ya prepo. Aliyekwenda chuo anapata boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, anapanga chumba, akijifungia siku tatu hakuna anayegonga. Nyumbani wanasema ni mtu mzima sasa, aachwe.

Baba mdogo naye: JKT ya mujibu wa sheria ni ya waliomaliza kidato cha sita, huyu hajafika. Na hata akifika, kuamshwa alfajiri kunaweza kumpa ratiba, hakutibu sonona.

Akija likizo ongea naye mkiwa na kazi ya mikono, mnachambua mchele au mnaosha gari, si kwenye kikao. Uliza usingizi, uliza chakula, uliza rafiki aliyebaki. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, si lazima Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na si lazima mtu awe anaokota makopo ndipo aende. Akisema anasikia sauti, au ametaja kufa hata kwa utani, usingoje shule ifungwe. Mchukue umpeleke hospitali siku hiyohiyo.