Uenyeji wa kanda kwenye besiboli ya vyuo Marekani: namba nzuri peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza ilikuwaje timu ya chuo cha Indiana State ya 2023 ipewe namba 14 kitaifa (namba ya ubora inayopangwa na kamati ya mashindano), ishinde kanda, yaani hatua ya kwanza, nyumbani kwake Terre Haute, halafu wiki iliyofuata isafiri hadi Fort Worth, Texas, kucheza na chuo cha TCU ambacho hakikuwa na namba yoyote. Wengi humu wamejibu kwamba ni siasa za vyuo vikubwa. Siasa zipo, ila safari hii tatizo lilikuwa mahali pa kulala. Wikiendi ile chuo kilikuwa kinapokea michezo ya kiangazi ya Special Olympics (michezo ya wenye ulemavu wa akili) ya jimbo la Indiana. Mabweni, wahudumu na vyumba vya hoteli mjini vilikuwa na wenyewe tayari. Uenyeji ukahamia kwa TCU, nao wakashinda mechi zote mbili.

Ili uone mtego ulipo, anza na ratiba. Tangu 1999 zinaingia timu 64, zinagawanywa kwenye kanda 16 za timu nne nne. Kanda inachezwa Ijumaa hadi Jumatatu, na ukifungwa mara mbili umeaga. Washindi 16 wanakutana wawili wawili kwenye kanda kuu nane. Anayetangulia kushinda mechi mbili anakwenda fainali Omaha, Nebraska. Omaha yenyewe haigombewi kila mwaka, fainali ziko huko tangu 1950. Ugomvi wote wa uenyeji uko kwenye hatua hizo mbili za mwanzo, na kati ya moja na nyingine kuna siku nne au tano tu.

Namba. Tangu 2018 kamati ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inapanga walau 1 hadi 16 (kabla ya hapo zilikuwa 8), na kwa kawaida hao 16 ndio wenyeji wa kanda. Wanatangazwa Jumapili usiku, mkesha wa Memorial Day (Jumatatu ya mwisho ya Mei), na kesho yake mchana inatoka ratiba nzima. Kipimo kinachonukuliwa kuliko vyote ni RPI: robo ni asilimia ya ushindi wako, nusu ni ya wapinzani wako, robo iliyobaki ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Nusu hiyo ya katikati ndiyo inayoibeba SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini mashariki. Wanakutana wenyewe kwa wenyewe miezi miwili, kila mmoja anampandisha mwenzake. Mwaka 2025 walitoa wenyeji 8 kati ya 16.

Kwenye robo ya kwanza kuna hesabu ambayo watabiri wengi wa mitandaoni huiruka. Ushindi wa ugenini unahesabiwa 1.3, wa nyumbani 0.7, uwanja huru 1. Kufungwa ni kinyume chake: nyumbani 1.3, ugenini 0.7. Chukua timu iliyoshinda 20 na kufungwa 5, zote nyumbani: inapata 14 juu ya 20.5, yaani .683. Rekodi hiyo hiyo ikipatikana ugenini ni 26 juu ya 29.5, yaani .881. Ndiyo maana timu ya kaskazini inayozunguka kusini Februari na Machi kwa sababu ya baridi haipotezi muda, mradi inashinda.

Sasa zabuni. Kamati haimpelekei mashindano mtu asiyeomba. Chuo kinawasilisha bajeti, kiasi cha fedha kinachoihakikishia NCAA, hali ya uwanja na hoteli za timu wageni na waamuzi. Kwenye uwanja, angalia taa kwanza. Kanda moja ni mechi sita au saba, mbili kwa siku hadi Jumapili. Mvua ikila masaa manne ya Ijumaa, mechi ya pili inaisha usiku wa manane, na Jumamosi itabeba deni. Bila taa za kutosha, bila turubai na watu wa kulivuta, au kama maji hayatoki uwanjani haraka, Jumatatu inaweza isitoshe. Anayeumia hapo ni aliyefungwa mechi ya kwanza: anahitaji kushinda nne mfululizo, mbili zikiwa Jumapili moja, wakati warushaji wake wameshachoka.

Uwanja unaweza kuizidi nguvu hata namba. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, NCAA ilitangaza mapema viwanja 20 na kuchagua 16 humo humo. Old Dominion wakapewa namba 11, lakini uwanja wao haukuwa kwenye orodha. Wakapelekwa Columbia kwa South Carolina. Kanda ile ikachukuliwa na Virginia, na kanda kuu yao dhidi ya Dallas Baptist ikachezwa pale pale Columbia, mji usio wa yeyote kati yao.

Kwenye kanda kuu, mwenye namba ya juu ndiye mwenyeji, akiwa tayari. Wote wawili wakiwa hawana namba, kamati inaamua. Mwaka 2025 Duke na Murray State walikutana hivyo, Duke wakapewa, na Murray State wakaondoka Durham na tiketi ya Omaha. Mwaka huo huo Vanderbilt, namba 1, na Texas, namba 2, walitolewa kwenye kanda zao wenyewe, kwa hiyo usiuchukulie uenyeji kama ushindi.

Ukitaka kutabiri mwakani, usiishie kwenye RPI. Ikifika Aprili, toa orodha ya timu 20 hivi, kisha kwa kila moja angalia kalenda ya mji kwa wikiendi mbili mfululizo, si moja: mahafali, tamasha, mashindano mengine. Wikiendi ya pili ndiyo watu husahau.